Goti la Atumani na Mkeka wa Kabambare

Atumani aliukalia mchele wa watu siku ya Jumamosi, soko la Kasongo likiwa limejaa pomoni. Hakukusudia. Alikuwa akipita katikati ya mabeseni, suruali yake ya kijivu imepigwa pasi ikapigika, kofia aliyoitarizi mwenyewe imekaa kichwani sawasawa, ndipo goti lake la kulia, lenye tabia ya kumwaibisha mbele za watu, likamwaibisha. Liligoma ghafla. Akapepesuka, akatafuta pa kushika, akakosa, akatua ndani ya beseni kwa kishindo. Mchele uliruka mpaka kwenye viatu vya muuza chumvi.

Mwenye mchele aliitwa Rehema. Alikuwa mzaliwa wa Kabambare, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Siku hiyo alivaa kitenge cha manjano chenye ndege weusi, na kilemba alikifunga juu makusudi, watu wamwone. Aliinama akamnyoshea Atumani mkono.

"Acha tu, mama," Atumani alisema, bado amekaa mle mle ndani ya beseni. "Niko naangalia muchele."

"Unaangalia muchele na matako?"

Wanawake wote wa mstari ule waliangua kicheko. Atumani hakucheka, lakini hakukasirika pia.

"Mimi ni fundi ya nguo. Kitu kizuri siangaliake na macho tu."

"Basi, fundi, ushonee hii muchele kanzu, maana sasa hakuna mutu ataikula. Lete mukono nikuinue."

"Nimesema acha."

Alishika mti wa kibanda, akajivuta mwenyewe, jasho likimtiririka mashavuni, meno yameumana. Rehema aliona vile mguu ulivyokataa kukunjika, akaona pia vile mwanamume yule alivyoutazama mkono wake kama mtu anayetazama kitu cha kuazima asichotaka. Aliurudisha. Nawaomba muukumbuke mkono huo, maana kukataliwa kwake ndiko kulikowapotezea miaka miwili.

Jumatatu Rehema alienda na kitambaa kwenye kibanda cha fundi, karibu na msikiti. Akamkuta amekaa kwenye cherehani, anakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, wa kulia ameunyosha pembeni.

"Unavunja sheria," alimwambia. "Mashini inakanyagwa na miguu mbili."

"Huu mwingine uko konje, unapumuzika."

"Toka wakati gani?"

"Toka nilianguka na pikipiki kwenye njia ya Kabambare, nikiwa na miaka makumi mbili na saba. Sasa niko na makumi ine na tatu. Njia ya kwenu hiyo."

"Usitukane njia ya kwetu. Njia haikukutuma kupanda pikipiki ya motari mulevi."

Hivyo ndivyo walivyopendana: kwa kugombana. Gauni lile la kwanza lilishonwa mara nne, na kila mara lilikuwa na kasoro mahali fulani. Mara bega, mara kiuno. Rehema alijua hakuna kasoro yoyote. Alikuja tu, amejipaka mafuta mazuri, akakaa kwenye benchi akila karanga za fundi. Simu nazo zikaanza.

"Cheri, umekula?"

"Nimekula. Na weye?"

"Mimi nangoja unipikie."

"Utakufa na njaa, baba. Mimi nauzishaka muchele, sipikiake wageni."

"Na bwana yako, utamupikia?"

"Huyo atakuja kuniomba kwanza kwa baba mudogo Mahamudu, kule Kabambare. Akishakalia mukeka ya kwetu, nitapika mpaka achoke."

Upande wa pili wa simu Atumani alisimamisha cherehani.

"Nitakuja," Atumani alisema. "Nikishatengeneza hii goti, nitakuja."

Rehema alifurahi kiasi cha kulala amekumbatia simu. Wakati huohuo daktari wa mifupa kutoka Bukavu alikuwa amepita Kasongo kuwaona wagonjwa, na Atumani alikwenda, akapigwa picha ya mifupa. Alirudi mdomo umefungwa. Mwaka ukapita. Mwaka mwingine ukaanza, ukafika ukingoni. Ukimuuliza habari za goti, anakuuliza habari za mpunga.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la Rehema liliuma vya kutosha. Alasiri moja aliingia kibandani bila hodi, akaweka mkono juu ya gurudumu la cherehani. Likasimama.

"Leo unanijibu. Dokta alisema nini?"

"Alisema mimi ni kijana bado." Atumani alichomoa pini mdomoni taratibu, kama mtu asiyekuwa na haraka na chochote duniani. "Goti ya kuweka ni chuma na plastiki. Inatumika miaka makumi mbili hivi, kisha inaisha. Wakiniwekea sasa, nikiwa muzee watapasua mara ya pili, na ya pili iko ngumu kuliko ya kwanza. Ni afazali ningoje."

"Ungoje mpaka wakati gani?"

"Mpaka makumi sita hivi. Wanasema mutu wa miaka hiyo, goti moja inamutosha mpaka mwisho."

"Na mimi utanioa wakati gani?"

"Nikishatengeneza goti."

Rehema alikunjua vidole kimoja kimoja. Alikuwa akipiga hesabu, na hesabu haikuwa ngumu.

"Atumani. Unajisikia weye mwenyewe vile unasema?"

"Rehema, fahamu kidogo..."

"Nifahamu nini? Niingie chumba ya bibi arusi na fimbo? Usiku unalia na hiyo goti, nakusikiaka kwenye simu unapumua sawa mutu anabeba mufuko. Unakanyaga mashini na muguu moja. Kwenda msikiti, ni hapa tu, unapumuzika njiani mara ngapi? Unachunga miaka ya uzee kama feza, na hii ya sasa unaitupa!"

"Ni muguu yangu."

"Ni yako. Baki nayo."

Akatoka. Kesho yake asubuhi alipanda pikipiki kwenda Kabambare, mchele wake amewaachia wenzake, kitenge cha manjano amejifunga kiunoni kuzuia vumbi, uso ameukunja.

Sasa mimi ndiye nitakayewaambia alichoficha yule bwana, maana yeye hasemi. Kwa kina Rehema, mwanamume anayekuja kuposa haketi kitini. Viti ni vya wazee. Yeye huketi chini, kwenye mkeka, miguu ameikunja, mpaka maneno yaishe, na maneno ya wazee wa Kabambare hayaishi upesi. Kumnyoshea mzee mguu, wayo ukamtazama usoni, ni tusi. Atumani alijua hayo yote. Kwa hiyo kwa daktari aliuliza swali moja tu: nikipasuliwa, nitaweza kukaa chini na kukunja? Daktari hakumdanganya. Alimwambia atatembea, atalala, atakanyaga cherehani yake. Lakini kukunja goti mpaka chini, hilo hawezi kumwahidi. Akamweleza pia habari ya umri, faida na hasara, kisha akasema, "Goti ni lako. Siku maumivu yatakapokushinda maisha yako, usihesabu miaka, njoo. Usingoje mguu ukonde." Atumani hakusikia chochote baada ya mkeka. Alibeba lile neno la umri kwa sababu lilikuwa na heshima, akalifanya ngao. Mtu mzima! Angeweza kuuliza. Angeweza kusema. Ningekuwa karibu ningempiga na futi yake mwenyewe.

Siku ya Jumatano simu yake ililia. Ni Rehema, kutoka Kabambare, mtandao unakuja na kwenda.

"Sikupigie juu ya mapendo," Rehema alianza. "Napiga juu baba mudogo ananiuliza, na mimi sijue nimujibu nini. Kuna mutu wa duka hapa ametuma wazee. Magoti yote mbili mazima."

"Rehema, usi..."

"Nyamaza. Niambie maneno ya dokta. Yote. Usichague."

Atumani alitazama mguu wake uliolala juu ya benchi. Alichoka kuuficha. Kusema kweli alichoka siku nyingi, ila alikuwa hajui mahali pa kuutua.

"Alisema hata akinipasua, sitaweza pengine kukunja mpaka chini."

"Eh, na?"

"Na mukeka ya kwenu?"

"Mukeka gani?"

"Ya baba mudogo. Mukwe hakae kwenye kiti. Nitakuja, ninyoshe muguu mbele ya wazee sawa mutu anawatukana? Nilisema nitengeneze goti, nikuje kama wanaume wengine. Kisha dokta akasema..."

Rehema aliiondoa simu sikioni, akaitazama. Kisha alipiga yowe, mbuzi aliyekuwa karibu naye akakimbia.

"Mukeka? Miaka mbili, Atumani! Nilizania hunipendi! Nilizania uko na bibi mwingine kule Nyangwe! Nililia mpaka macho ikavimba, kumbe ni juu ya mukeka?"

"Niliona haya."

"Haya yako itatuzika! Na operasio, weye mwenyewe unaitaka ao huitaki? Usiniambie wazee, usiniambie mukeka. Weye."

Mtandao ukakatika. Hakupiga tena. Atumani alibaki ameshika simu sikioni, akijibu swali lile kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza jibu lilikuwa fupi.

Alhamisi aliondoka, yeye kwenye pikipiki moja na mjomba wake Bakari kwenye nyingine, maana mtu haendi kuposa peke yake. Kanzu yake nyeupe aliibeba ndani ya mfuko wa plastiki, isije ikafika nyekundu kwa vumbi. Mguu wa kulia aliunyosha pembeni muda wote, na maumivu ya kila shimo yalimpanda hadi kiunoni. Motari wake, Pitchou, aliuliza mara nyingi kama wapumzike. Kila mara aliambiwa twende.

Walifika kwa Mahamudu Ijumaa baada ya sala. Mzee alikuwa mfupi, ndevu nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Wenzake wamekaa vitini. Mkeka umetandikwa katikati ya sebule. Rehema alikuwa nyuma ya pazia na wanawake wengine, mahali anapotakiwa kuwa, mdomo umefungwa kama anavyotakiwa kuufunga.

Atumani alisimama mlangoni, amevaa kanzu yake.

"Wazee, shikamooni. Mbele ya maneno yote, goti yangu haikunji. Imeharibika toka zamani. Nikikaa, muguu utawaangalia. Haiko zarau. Nawaomba musamaha."

Wazee wakatazamana. Akashika ukuta kwa mikono miwili, akajishusha polepole, akitweta, mpaka akafika chini, akajisogeza hadi katikati ya mkeka. Mguu ukabaki umenyoka juu ya mkeka, soksi ya bluu ikimtazama Mahamudu usoni. Nyuma ya pazia mama mmoja alifyonya.

Hapo Rehema alishindwa. Pazia lilifunguka, akatoka na kitenge chake cha manjano mkononi, akapita mbele ya wazee bila kuomba njia, akaufunika ule mguu kutoka pajani hadi kidoleni, akaketi kando yake.

"Sasa hauonekane," alisema. "Muendelee."

"Rehema," Mahamudu alisema, "nani amekuita hapa?"

"Nilingoja kuitwa miaka mbili, baba. Nimechoka."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Weye, kijana. Ni juu ya hii goti hukukuja?"

"Ndiyo, baba."

"Mungu wangu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku mimi naposa mama ya hawa watoto, nilikuwa na jipu mahali siwezi kutaja. Nilisimama toka mwanzo mpaka mwisho, nikasema nimeapa kusimama. Hakuna mutu alikufa! Simu unayo, huwezi kuniuliza?" Aliwageukia wenzake. "Munaona watu ya leo?" Kisha akarudi kwa Atumani, sauti imeshuka. "Na hiyo goti utaifanya nini?"

"Nitapasuliwa. Nitaenda Bukavu." Atumani alikuwa akisema na mzee, lakini macho yalikuwa juu ya kitenge. "Haiko juu ya mukeka. Mukeka pengine sitaikalia vizuri ata siku moja. Nataka kulala usiku. Nataka kutembea naye mpaka sokoni bila kusimama njiani."

"Na ikiisha ukiwa muzee? Wakipasua ya pili, ikatae?"

"Basi nitakuwa nimetembea, baba."

Rehema alitazama pembeni, akapangusa pua kwa ncha ya kilemba. Mjomba Bakari akaona ni wakati wake, akakohoa, akaanza yale maneno marefu. Yalichukua muda wake kama kawaida, na yule mtu wa duka hakutajwa hata mara moja. Mwisho wake ilikubaliwa ndoa ifungwe kabla ya safari ya Bukavu, Fatiha ikasomwa, na wanawake wakapiga vigelegele vilivyosikika hadi barabarani.

Watu wakainuka. Atumani alibaki chini. Alitazama ukuta, na ukuta ulikuwa mbali. Rehema alikuwa ameshasimama juu yake, mkono ameunyosha kama siku ile ya mchele, uso wa mtu asiyekuwa na hamu ya kuuliza mara mbili.

Mbele ya wazee wote wa Kabambare, Atumani aliushika.

"Niinue, cheri. Ila polepole."

"Polepole tena?" Rehema alimaka, akijivuta nyuma kwa nguvu zake zote. "Miaka mbili nzima polepole! Simama, bwana!"

Akasimama.