Kupenda kwa Upande Huu wa Ziwa

Emilienne alikalia kofia ya mutu. Njo namna mapendo yao ilianza, na miye sina nguvu ya kuipamba.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka wa 1974, katika jumba la mikutano la Nchelenge. Madirisha ilizibwa na magunia kusudi sinema ionekane. Joto lile, mama yangu! Watu walibanana mpaka mulangoni, na harufu ya chisense, wale samaki wadogo wa kukausha, iliingia nayo bila tikiti. Emilienne alikuwa ametoka ng'ambo, Zaire, katika mashua ya yaya yake, yaani kaka yake mukubwa, Evariste, mufanyabiashara wa samaki. Alivaa kikwembe kipya cha manjano chenye ndege wa bluu, na kitambaa cha kichwa cha namna ileile. Aliona nafasi kwenye benchi, akakaa.

"Mama, umekalia kofia yangu."

Akageuka. Kijana mumoja murefu alisimama pale na koti ya mistari, tai shingoni, jasho ikiingia kwenye kola. Wenye akili zao siku ile walivaa fulana.

"Hii ni kofia?" Emilienne aliitoa chini yake, ikiwa bapa kabisa. "Niliwaza ni kata ya kubebea beseni."

"Ni ya kazi. Miye njo mufasiri wa sinema."

"Aa, pole, masta. Bon, vaa kata yako, ufasirie."

Benchi nzima ilicheka. Jairos, maana njo jina yake, mutoto wa Kashikishi, alikwenda mbele na ile kofia bapa kichwani. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na shuka nyeupe na bomba la bati mudomoni. Sinema ikisema Kiingereza, yeye anageuza kwanza kwa Kiswahili juu ya wafanyabiashara wa ng'ambo, kisha kwa Kibemba juu ya wenyeji.

Ile sinema niliiona na macho yangu, na mpaka leo sijaisamehe. Eti serikali ya Wamarekani imekataza pombe. Basi wanaume wenye kofia wanabeba pombe ya magendo katika malori, mbio, taa zinawaka, honi zinalia, bunduki mukononi. Sasa sisi wa ziwa hili, lutuku, pombe yetu kali, imekatazwa huku na kule, na kila siku inavuka. Inavuka chini ya samaki, na mutoto amelala juu yake, na mama yake anaimba wimbo wa kanisa.

"Wanapiga honi!" mwanamuke mumoja alilalamika. "Na magendo! Bajinga hawa!"

"Wafungwe tu," mwingine akajibu. "Si juu ya pombe, juu ya ujinga."

Na muchumba wa yule jambazi? Sinema nzima amekaa karibu na telefone, amejipaka rangi ya mudomo, anangojea.

"Telefone imekufa, dada!" Emilienne alipiga kelele. "Ondoka hapo, upike!"

Mwishowe jambazi alikuja, akamushika kidevu. Jairos alifunga macho, akasema kwa bomba lake, sauti nzito, "Anasema: nakupenda sana!"

Hapo njo mambo iliharibika. Kwa Kibemba, kupenda ni kuhesabu. Na kabla Jairos hajageuza, wamama wa Kibemba walikuwa wamesikia tayari kwa masikio yao.

"Anamuhesabu? Si ni mumoja!"

"Na huyo mumoja imemushinda, mpaka anamushika kidevu asipotee!"

Watu walicheka mpaka benchi moja ilivunjika. Kisha jambazi akapigwa risasi jikoni, akikaanga mayai, kofia kichwani. Hakuna aliyemulilia. Tulililia mayai. Sita, yote iliungua, na hakuna mutu katika sinema ile aliyewaza kutoa kikaango kwenye moto. Shangazi Eness, aliyemulea Jairos, alitoka amekasirika sawa mutu aliyeibiwa.

Inje, Jairos alimungojea Emilienne.

"Basi, mama, sinema ilikupendeza?"

"Ile takataka? Mwanaume gani anavaa kofia jikoni?"

"Ni staili."

"Ni wazimu. Na yule mujinga wa telefone!"

"Alimupenda sana yule bwana."

"Bongo, uongo mutupu! Mutu akikupenda anakuja. Anasema kwa mudomo yake. Telefone ya nini?"

Jairos alivua kofia. Bila kofia alikuwa na uso muzuri, lazima niseme ukweli.

"Sawa. Kesho nitakuja kwenye mashua yenu pale Kashikishi, na mudomo yangu."

"Kuja. Lakini ile koti ibaki kwenu."

Alikuja bila koti, lakini na kofia. Akaja tena kesho yake, na wiki mbili hakukosa siku moja. Walitembea kando ya maji, kati ya chisense zilizoanikwa kwenye muchanga, wakitukana sinema ile. Yaani Emilienne akiitukana, na Jairos akiitetea bila aibu.

"Sheri wangu, yule bwana alikuwa na gari sita."

"Na mayai sita. Yote ilimushinda."

"Miye mayai yako sitaunguza."

"Nani alikuambia nitakupa mayai yangu?"

Lakini neno lenyewe hakuna aliyelisema. Jairos alikuwa na maneno ya kila mutu katika bomba lake, yake mwenyewe ilimushinda kutoa. Emilienne naye alingojea.

Siku ya Jumatano, Evariste alisema biashara ya Kashikishi imekuwa mubaya. Kesho asubui wanavuka, na hawatarudi tena upande huu. Emilienne alimutafuta Jairos, akaambiwa amekwenda Mansa kuchukua sinema nyingine, atarudi jioni. Alimukuta Eness tu, akigeuza samaki kwenye muchanga. Kiswahili cha Eness kilikuwa cha soko: leta, punguza, hapana, bei gani.

"Mama Eness, umwambie Jairos namupenda. Kesho tunaenda kabisa. Akuje."

"Unamupenda?"

"Ndiyo, mama. Sana."

Mwanamuke aliyecheka telefone za wengine, naye sasa alituma neno lake kwa mudomo ya mutu. Na Eness aliipeleka vizuri, bila kupunguza kitu, lakini kwa Kibemba.

"Yule Mukongomani anasema amekuhesabu, tena sana. Kesho wanaenda kabisa, uende."

Jairos aliweka muzigo wa sinema chini. "Amenihesabu? Na nani?"

"Mimi nijue? Sikuuliza wako wangapi."

Mufasiri muzima! Aliyechekwa na Nchelenge yote juu ya neno hilohilo! Lakini wivu ilimuziba masikio. Aliwaza bandari zote za ng'ambo, na katika kila bandari mwanaume mumoja anamungojea Emilienne, kila mumoja na namba yake. Iliumia, jamani. Iliumia vibaya.

Asubui alivaa koti, tai, kofia, akashuka bandarini kumuaga sawa jambazi wa sinema. Shangazi yake alimufuata nyuma. Mashua ilikuwa imejaa, Emilienne amekaa pembeni yake, na Evariste alikuwa akivuta kamba ya motere.

"Miye ni wa ngapi?" Jairos aliuliza.

Emilienne alishangaa. "Wa ngapi nini?"

"Umenihesabu. Nimeambiwa. Ni wa ine? Wa tano? Nilikuwa najidanganya niko peke yangu!"

"Jairos, umekunywa?"

"Muulize shangazi!"

Emilienne alimutazama Eness. "Mama, nilisema nini jana?"

"Ulisema unamupenda!" Eness alijibu kwa nguvu. "Nilisikia mimi mwenyewe. Nikauliza tena, ukasema sana!"

Kumbe neno lilelile la sinema! Jairos alifunga macho. Kisha Emilienne akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na machozi mengine haikuwa ya kucheka.

"Mufasiri gani weye! Niliwaza haukuji tena. Kidogo niende, Jairos. Juu ya neno moja!"

Jairos alivua kofia. "Nilikuwa mujinga. Basi unipende vile shangazi anasema."

Emilienne akaweka kidole kwenye kifua cha Jairos. "Moja."

"Endelea."

"Imeisha."

"Baki," Jairos akasema, na hii alisema kwa mudomo yake, bila bomba. "Nakupenda, vile kwenu munasema. Nataka kukuoa."

Evariste aliacha kamba, akashuka majini, uso mukali. "Dada yangu habaki bure kwa watu!"

"Bure hapana!" Eness akajibu. Kwao Wabemba, ombi la kuoa linakuja kati ya sahani mbili. Pale bandarini sahani ilipatikana moja tu, ya muuza maandazi. Eness akatazama huku na kule, akamunyang'anya Jairos kofia, akaweka sarafu kwenye sahani, akafunika na ile kofia bapa. Ilienea sawasawa. Akapiga magoti kwenye muchanga mbele ya Evariste.

Evariste aliinua kofia, akaona sarafu, akaifunika tena. "Mama," akasema, "huyu mutoto wenu anamupenda dada yangu kweli?"

"Amekwisha kumupenda, mukwai," Eness alijibu kwa heshima ya Kibemba, kidole kimoja juu. "Nilikuwa nasimama hapo. Ni mumoja tu."