Mikono ya Kuazima

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofika kwa mama mkubwa na begi la kamera begani. Alikuwa amenipigia simu mchana akitaka nimpige picha baba mkubwa akiwa kazini. Mikono tu. Uso niachane nao.

Nilicheka. Mimi kazi yangu ni harusi na picha za vitambulisho. Watu hunifuata ili sura zao zipendeze. Mama mkubwa hakucheka. Alisema tu nifike kabla giza halijaingia.

Baba mkubwa alikuwa mkereza mbao. Mtaani walimwita Fundi Duara, maana hakuna kitu kilichotoka kwenye karakana yake kikiwa na kona: miguu ya meza, nguzo za ngazi, vishikio vya milango. Lakini tangu mvua zilizopita mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alishindwa hata kufunga vifungo vya shati. Chai alinyweshwa na mkewe, na yeye, aliyekuwa mcheshi wa ukoo mzima, akawa anatazama pembeni kila kikombe kilipomkaribia.

Cha ajabu, kazi haikusimama. Wateja walizidi. Walisema hajawahi kukereza vizuri namna hii.

Karakana ilikuwa uani, chumba cha mabati chenye dirisha moja. Nilimkuta amesimama mbele ya mashine ya kukerezea, mikono inarukaruka mapajani kama kuku aliyechinjwa. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akaniambia nifanye haraka.

Akawasha mota.

Mkanda ukavuma. Kipande cha mti kikazunguka mpaka kikawa kama ukungu. Baba mkubwa akanyanyua patasi...

Mikono ikatulia.

Tuli kabisa.

Maranda yakaanza kutoka, marefu, membamba, yakidondoka miguuni pake. Nilisogea nikapiga picha. Nikasogea zaidi. Nilitarajia harufu ya mbao mbichi, lakini iliyonijia ilikuwa nyingine. Mafuta ya karafuu. Harufu niliyoijua tangu utotoni, ila sikukumbuka ni ya nani.

Nikainamisha kichwa kutazama kioo cha kamera.

Baba mkubwa ana vidole vifupi, vinene. Vya pichani vilikuwa virefu, vyembamba. Na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kiliishia katikati.

Nikainua macho. Mikono iliyoshika patasi ilikuwa ya baba mkubwa, vidole vyote vizima. Nikatazama tena kamera. Picha ya kwanza, ya pili, zote.

Kidole kilichokatika.

Ndipo nikakumbuka harufu ile. Baba mdogo, mdogo wake baba mkubwa wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyeinunua mashine hii na kumfundisha kaka yake kazi. Msumeno ulimkata kidole, na kila jioni alikichua kwa mafuta ya karafuu. Hakuwahi kuoa. Tulikuwa tumemzika miaka mingi iliyopita.

"Nionyeshe," mama mkubwa alisema. Sikujua ameingia saa ngapi.

Nilimpa kamera. Aliangalia muda mrefu. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akamgeuzia mumewe kioo.

Baba mkubwa alitupa jicho mara moja tu. Mikono iliendelea na kazi.

"Nilimwomba mwenyewe," alisema taratibu. "Mikono iliponikataa, nilikwenda kaburini kwake. Nikamwambia, mdogo wangu, niazime yako nimalizie kazi za watu."

Akaitazama patasi inavyopita.

"Akaniazima. Sasa haondoki."

Mama mkubwa alinyoosha mkono akazima swichi. Mvumo ukashuka... ukashuka... ukaisha. Mti ukasimama.

Mikono haikusimama.

Patasi iliendelea kupita juu ya mti uliotulia. Kwaru... kwaru... kwaru... Baba mkubwa alikuwa ameyaegemeza mabega nyuma, anajivuta kwa nguvu zote, jasho linamtiririka. Mikono haikuwa na habari naye.

"Inatosha, shemeji," mama mkubwa akanong'ona.

Ikaacha. Ikaiweka patasi mezani kwa utaratibu. Kisha ule wa kulia ukainuka, ukamwendea mama mkubwa usoni. Ukaishika ncha ya mtandio wake iliyokuwa imeteleza, ukairudisha nyuma ya sikio. Polepole. Kwa upole wa mtu aliyezoea.

Baba mkubwa aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mwizi ndani ya nyumba yake.

Mama mkubwa alifumba macho. Hakurudi nyuma.

Sikumbuki nilivyofika getini. Mama mkubwa alinifuata huko, akanikabidhi kamera. Nilimsihi wauze ile mashine, waite watu wa dua, wafanye chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilitaka tu kuhakikisha ni yeye," alisema.

Akaniomba nimsafishie picha moja. Ile inayoonyesha kidole.

Nyumbani nilimuuliza mama kwa nini baba mdogo hakuoa. Mama aliniambia nitoe vyombo mezani. Sikuuliza tena.

Baadaye nilijikaza nikaenda kumjulia hali baba mkubwa. Nilikwenda mchana kweupe. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na mashine haikuwa inatumika tena. Nikashusha pumzi.

Yeye nilimkuta mezani, anakula. Anakula mwenyewe. Shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mikono imetulia, haimwagi hata punje. Mama mkubwa alikuwa amekaa ubavuni pake, amejipamba, anatabasamu kama msichana. Aliniambia mzee amepona.

Harufu ya karafuu ilijaa chumba kizima.

Nilisema alhamdulillahi. Baba mkubwa akaniinulia macho. Yalikuwa yamejaa machozi. Akatikisa kichwa kidogo sana, mkewe asione, kama mtu aliyeshiba zamani na hakuna anayemsikiliza.

Mkono ulikuwa umeshainua tonge jingine, umelisimamisha mbele ya midomo yake. Unasubiri.

Akafungua mdomo.