Jumapili Tano Kando ya Kisima

Soko la Ruiru siku ya Jumamosi halina adabu. Unasukumwa, unaitwa mrembo, unauziwa sufuria kabla hujajibu salamu. Nafuna alikuwa ametoka Thika asubuhi, ndani ya rinda la kitenge cha rangi ya chungwa alilojishonea mwenyewe na raba nyeupe ambazo vumbi lilikuwa limeshaanza kuzizoea. Aliinama kuchagua blauzi kwenye rundo la mitumba, simu ikateleza mfukoni, na mama mmoja mwenye gunia la viazi mgongoni akaikanyaga akaenda zake bila habari.

"Woi! Simu yangu!"

"Pole, mami," akasema muuza mitumba, akielekeza kwa kidevu. "Peleka kwa yule fundi wa kofia ya bluu. Ana mdomo mwingi, lakini mkono wake ni safi."

Mwenye mdomo alikuwa Bedan, kijana wa Gatong'ora, na kibanda chake kilikuwa na upana wa meza moja na nusu.

"Sasa, mrembo. Mgonjwa ana shida gani?"

"Amekanyagwa."

"Na tembo?"

"Na viazi."

Bedan alicheka hadi bisibisi ikamponyoka. Nafuna naye, aliyekuwa amepanga kununa, akashindwa.

Kioo kipya kilipokaa sawa, Bedan aliwasha simu kuijaribu. Ikafunguka pale ilipoachwa: kwenye gemu. Mbele yake akasimama mwanamke wa joho jeupe, taa mkononi, jina lake juu ya kichwa: Namwanga.

"Haiya! Ni wewe Namwanga? Si wewe uliniponya juzi pale darajani, nikiwa karibu kukata roho?"

"Wewe ni nani?"

"KaMwizi."

Nafuna akashika kiuno. "Yule mnyatiaji mwoga? Anayepotea vita vikianza?"

"Mimi sipotei. Mimi hupanga."

Basi tuelewane mapema. Katika gemu ile maelfu ya watu hukutana kila siku, kila mmoja na kazi yake. Kuna shujaa wa ngao. Kuna mponyaji kama Namwanga. Halafu kuna mnyatiaji: nguo nyepesi, visu viwili, na kipaji kimoja, kutoweka machoni pa watu na kuchoma kutoka nyuma. Akichoma tu, anaonekana tena. Nje ya kuta za mji yeyote aweza kumuua yeyote, na Bedan na Nafuna walicheza upande wa wagumu, ambako ukifa umekufa. Jina lako linafutwa, na jasho lako lote nalo.

Kabla ya kuondoka, Nafuna alitoa simu nyingine mkobani kuangalia saa. Nzee, kioo kimejaa nyufa.

"Lete na hiyo niitibu, bure kabisa."

"Hapana. Hii wacha ilivyo." Akairudisha haraka.

Ikumbuke hiyo simu. Bedan aliikumbuka.

Mapenzi yao yalikua kama sukuma wiki wakati wa mvua. Mchana Nafuna alishona ovaroli kiwandani Thika, jioni akarudi chumbani kwake Makongeni, na simu haikungoja hata avue viatu.

"Bebi, niko mbele yako. Nitafute."

"Uko wapi, Bedan? Nimechoka aki."

"Karibu sana. Nanusa mpaka mafuta yako ya nywele."

"Kwa gemu hakuna harufu, mjinga wangu."

Namwanga angeinua taa, na mwanga ule ulimfichua yeyote aliyejificha hatua kumi kutoka kwake. KaMwizi angetokea nyuma ya mti, au juu ya paa, au ameketi karibu kumgusa.

"Nimekuona!" Nafuna angepiga kelele, jirani akagonga ukuta.

Mwezi wa nane Bedan akasema wazi kwamba Desemba angeenda Chwele kumsalimia mama yake Nafuna. Alishashonesha suti ya kijivu. "Mama akinikataa, nitaivaa kumzika kuku wenu mmoja, nile matanga," alisema, na Nafuna akamrushia chipsi usoni.

Tatizo lilikuwa Jumapili. Saa tisa hadi saa kumi, Nafuna hakushika simu za Bedan.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na shughuli, sweetie."

"Shughuli gani ya Jumapili isiyo na jina?"

"Nitakuambia tu. Nipe muda."

Bedan akafikiria ile simu ya pili, na kichwa kikajaa moshi. Jumapili iliyofuata aliingia kwenye gemu, akatoweka, akazifuata nyayo za Namwanga. Alimkuta nje ya mji, kando ya kisima cha zamani, taa ameizima, ameketi na shujaa mmoja wa levo ya juu sana, aliyeitwa Chuma. Chuma hakusema kitu. Namwanga ndiye aliyeandika, maneno yakitokea juu ya kichwa chake.

"Nimekumiss. Wiki imekuwa ndefu."

Pale pale Bedan angejitokeza akasema niaje, hadithi hii ingeishia kwenye keki ya harusi. Lakini alikuwa mnyatiaji, na mnyatiaji hufundishwa kungoja. Akarudi Jumapili ya pili. Ya tatu. Ya nne. Na kila Jumatatu alipiga simu kwa sauti ile ile ya asali: "Bebi, jana ulishindaje?"

"Poa tu. Nilifua."

Bedan naye akacheka.

Jumapili ya tano Namwanga aliandika: "Nimeamua. Wiki ijayo namwambia Bedan kila kitu."

Bedan hakungoja asomewe hukumu. Visu vikaingia mgongoni mwa Chuma, mara moja, mara mbili, mara nne. Alitarajia vita, mtu wa levo ile angempasua kama kuni. Lakini Chuma hakugeuka. Hakuinua ngao. Alianguka tu alivyokuwa ameketi, na jina lake likazimika juu ya nyasi. KaMwizi akabaki wazi, visu mkononi, mbele ya mwanamke mwenye taa.

Simu ikalia Ruiru.

"Bedan." Hakuna bebi, hakuna mjinga wangu. "Umefanya nini?"

"Uliza jamaa yako! Mwambie asimame tupigane kama wanaume."

"Bedan, huyo ni Ronny. Ni ndugu yangu. Tulimzika mwaka juzi."

Bedan aliketi chini, kwenye sakafu ya kibanda, katikati ya nyaya.

"Ile simu ya nyufa ni yake. Gemu humfuta mtu akikaa miezi mitatu bila kuingia, kwa hivyo kila Jumapili namwingiza. Namkalisha hapo kisimani, ndipo aliponifundisha kucheza. Nilikuwa nataka kukuambia kabla twende nyumbani. Niliogopa utanicheka. Alikuwa amebaki hapo tu, Bedan. Hapo tu."

Jumatatu jioni Bedan alisimama nje ya lango la kiwanda, kati ya mamia ya wafanyakazi waliomiminika na dasti koti zao za kazi. Nafuna alitoka na yake ya kijani, uzi mweupe umenasa begani. Bedan alitaka kuutoa. Mkono ukagoma.

"Nitamjenga upya," alisema. "Jina lile lile, ngao ile ile. Nipe hata mwaka."

"Utamjenga nani?"

Bedan akavua kofia yake ya bluu.

"Ulisimama pale kisimani Jumapili ngapi?"

Angeweza kudanganya. "Tano."

Nafuna alihesabu kwa midomo. "Ya pili nililia. Nikamwandikia mambo ya baba, mambo ya hospitali. Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Na Jumatatu ukanipigia ukaniuliza nilishindaje."

"Nafuna, nisamehe. Nilikuwa na wivu."

"Kumuua, hukujua. Hiyo ningeweza kuibeba." Alipangusa macho kwa mkono wa koti. "Lakini tano, Bedan! Ungeniuliza tu. Ningesogea ukae."

"Na Desemba? Na suti?"

"Vaa kanisani."

Akaingia ndani ya umati, na safari hii hakuna taa yoyote ambayo ingemfichua.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa tisa, KaMwizi huketi kando ya kisima bila kujificha. Kwa mnyatiaji wa nguo nyepesi huko ni kuomba kifo. Jumapili ya kwanza hakuja mtu. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu mvua ilinyesha, kwenye gemu na Ruiru pia.

Ya nne, taa ilitokea ng'ambo ya kisima. Namwanga. Hakuketi.

"Nimekuona, Bedan," aliandika.

Bedan aliandika, akafuta, akaandika: "Pole kwa Ronny." Neno ambalo hakuwa amelisema hata mara moja.

Taa ilisimama kidogo. Kisha ikageuka, ikaelekea lango la mji, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi.

Angeweza kutoweka amfuate. Kitufe kilikuwa chini ya kidole gumba chake.

Akaondoa kidole, akabaki ameketi pale pale, anaonekana.