Nafasi ya Mama

Kariakoo fremu ya duka haikai tupu. Akitoka muuza mapazia leo, kesho muuza vifaa vya simu ameshapanga kaunta, na dalali ameshaisahau sura ya wa kwanza. Kwa hiyo Fortunata alipoambiwa kuna fremu karibu na Msimbazi inayokodishwa kwa wiki moja moja tu, na kwamba hakuna mpangaji aliyewahi kuomba aongezewe, ilikuwa haki yake kujiuliza. Hakujiuliza. Alikuwa amehangaika kutafuta ukumbi, na mwenye shida haulizi maswali ya polisi.

Alikuwa mchoraji, na hayo yangekuwa maonesho yake ya kwanza. Picha zake zote zilikuwa za mwanamke mmoja aliyegeuka nyuma: anakoroga sufuria, anapepea mkaa, anaosha utumbo kwenye beseni. Mgongo, kanga na kilemba, basi. Wajuzi wa sanaa waliusifu mgongo ule, wakasema una siri. Siri yenyewe ilikuwa aibu tu. Mwanamke yule alikuwa mama yake mzazi, Mama Clotilda, Mchaga wa Kibosho aliyehamia mjini zamani, na alikuwa mzima wa afya akiuza supu ya utumbo Buguruni. Lakini Fortunata, tangu alipoingia chuo na kuzoeana na watoto wa matajiri wa Masaki, alikuwa amewaambia kwamba mama yake alishafariki. Uongo ule alianza kuusema kwa sababu ya harufu ya utumbo kwenye nguo zake. Baadaye akashindwa kuurudisha.

Mwenye nyumba, Bi Najma, mjane wa makamo, alikuwa anaishi ghorofa ya juu. Siku ya kukabidhi funguo aliushika mkono wa Fortunata, hakuuachia.

"Mwanangu, humu ndani kuna mwenyewe. Hana neno na mtu. Ila usimpe nafasi."

Fortunata akacheka. "Bi Najma, nafasi si nimekodi mimi?"

"Cheka tu," alisema Bi Najma, akapanda ngazi zake.

Jumapili, maduka yote yamefungwa, Fortunata alikuja na rafiki yake Heriel aliyekuwa anamwandalia maonesho. Heriel alikuwa ametengeneza maneno ya stika, akayabandika ukutani herufi kwa herufi, karibu na mlango ambapo kila mgeni angeyaona: *Kwa kumbukumbu ya marehemu mama yangu, aliyeniachia kila kitu.*

"Hapo watu watalia, dada yangu," alisema, akirudi nyuma kutazama kazi yake.

Fortunata alitaka kusema kitu. Na Heriel alipoikandamiza herufi ya mwisho kwa kidole, chumba kikanuka supu ya utumbo, ya moto, yenye tangawizi na ndimu.

"Kuna mama lishe hapa jirani?" Heriel aliuliza.

"Leo Jumapili," Fortunata akajibu.

Kesho yake alikuwa peke yake. Alipokuwa anapigilia misumari alisikia mwiko unakwangua sufuria kwenye stoo ya nyuma. Akafungua mlango. Ndani kulikuwa na ngazi na maboksi matupu, na kigoda ambacho hakukumbuka kukiona. Akakigusa. Kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Aliporudi mbele akakuta kwenye picha ya sufuria mwanamke ana sikio. Fortunata hakuwa amechora sikio. Alikuwa amelifunika kwa kilemba makusudi, kwa kuwa sikio huanza kumpa mtu sura. Akajiambia ni macho ya uchovu. Jioni, milango ya chuma ya maduka ya jirani ilipokuwa inateremshwa kwa kishindo mmoja baada ya mwingine, akaona kwenye picha ya beseni kipande cha shavu, na kabla hajakisogelea, sauti ikatoka stoo, ya mama anayemwita mtoto aje ale.

"Fotu!"

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu anayemwita hivyo.

Alipanda ngazi za Bi Najma mbio, miguu mitupu. Bi Najma hakuuliza. Alichukua chetezo, akatia ubani, akashuka naye. Alizunguka chumba akisoma dua, moshi unamtangulia, mpaka alipofika kwenye ukuta wa stika. Pale moshi ukakataa kwenda mbele. Akasoma maneno kwa sauti.

"Huyu marehemu ni nani?" akauliza polepole.

Fortunata akainama. "Ni mama."

"Alifariki lini?"

Hapo ndipo alipolia, akasema yote, ya chuo, ya harufu, ya Masaki, huku akitazama sakafu.

"Wewe mtoto! Unamchuria kifo mama yako mzazi!" Bi Najma alinong'ona, kama anaogopa kusikiwa kutoka stoo. "Nilikwambia usimpe nafasi. Umemtoa mama mahali pake, pakabaki wazi, na huyu wa humu alikuwa anangoja pa kukaa. Ubani wangu utamfukuza mvamizi, aliyekaribishwa hauwezi kumtoa. Libandue hilo neno kabla wageni hawajaja. Na akikuita, usiitike. Siku utakayomwambia 'abee', basi, amekuwa mama."

Bi Najma alipoondoka, Fortunata alitia ukucha chini ya herufi ya kwanza ya *marehemu*. Ikaanza kuinuka. Halafu akawaza: nitamwambia nini Heriel? Wale niliosoma nao, ambao walinichangia rambirambi, nitawatazama kwa macho gani? Akaikandamiza herufi tena kwa kidole gumba, taratibu, ikashika. Nitabandua baada ya uzinduzi, alijiambia. Alijionea haya hata akiwa peke yake, lakini aliikandamiza.

Siku ya uzinduzi wageni walijaa alasiri, na glasi zao za juisi na manukato yao. Stoo ilikuwa kimya. Fortunata alianza kupumua. Ndipo mlangoni ikasikika hodi, na hodi ile haikutoka kwa watu wa Masaki.

Alikuwa Mama Clotilda. Mteja wake mmoja alikuwa amemwonyesha tangazo kwenye simu, naye akautambua mgongo wake mwenyewe, akacheka mpaka akaketi. Akavaa kitenge cha Krismasi. Akapika mtori wa ndizi wa kwao, akaubeba kwenye hotpoti, kwa sababu haendi mtu kwenye shughuli ya mwanawe mikono mitupu.

"Karibu, mama," alisema Heriel, kwa adabu. "Wewe ni nani kwa Fortunata?"

Mama Clotilda alifungua mdomo kwa fahari, akamtafuta mwanawe kwa macho, na njiani macho yakapita kwenye ukuta wa stika. Alikuwa anasoma taratibu, midomo ikimcheza. Alisoma mpaka mwisho. Akarudia. Halafu akamtazama binti yake, akangoja.

Watu wote waligeuka kumtazama Fortunata.

"Ni..." alisema, "ni jirani yetu wa zamani."

"Ndiyo," alisema Mama Clotilda. "Jirani."

Akaweka hotpoti mezani. Akamfuata mwanawe, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, vile wanavyoshikwa wafiwa. "Pole kwa msiba, binti," alisema. "Alikupenda sana." Kisha akatoka, mgongo ule ule wa kwenye picha ukaingia katika umati wa Kariakoo.

Fortunata alibaki amesimama, mkono bado una joto la mama, na aibu ikampanda mpaka ikamziba masikio, asimsikie Heriel anayemuuliza kama yuko sawa, asiisikie harufu ya supu iliyokuwa inajaa chumba mpaka wageni wakaanza kutazamana, wala asiyaone macho ya Bi Najma aliyekuwa amesimama kwenye ngazi akimtikisia kichwa, hapana, hapana, kwa maana wakati huo huo alisikia anaitwa, "Fotu!", akajua mama amegeuka, mama amerudi, mama amemsamehe, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, mbele ya watu wote, bila haya hata chembe, akaita kwa nguvu:

"Abee, mama!"

Sauti haikuwa imetoka mtaani. Ilikuwa imetoka stoo.

Kwenye kuta zote mwanamke alikuwa ameshageuka. Sura ilikuwa ya mama yake, kovu la mafuta kwenye kidevu likiwa pale pale, na ilikuwa inatabasamu kwa utulivu wa mtu aliyepata pa kukaa. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndiyo sanaa yenyewe.

Fortunata hakungoja. Alifika Buguruni giza linaingia, akamkuta mama yake uani anasugua sufuria, akapiga magoti kwenye maji machafu.

"Mama, nisamehe. Nitawaambia wote. Kesho nitasimama niwaambie wote."

Mama Clotilda aliacha kusugua. Alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto wa watu aliyepotea.

"Inuka, binti, utachafuka. Kwenu wapi?"

"Mama, ni mimi. Fotu."

"Fotu," alisema mama, akilijaribu jina mdomoni. Akatikisa kichwa. "Jina zuri. Mimi sikujaliwa mtoto."

Nyuma ya Fortunata, kwenye uchochoro, harufu ya tangawizi na ndimu ilitangulia. Halafu ikaja sauti, ya upole, haina haraka.

"Fotu!"

Mama Clotilda naye aliisikia. Akanyoosha shingo kutazama uchochoroni, akafurahi kwamba mtoto wa watu amepata mwenyewe, akampangusa matope magotini kwa ncha ya kitenge chake.

"Nenda, binti," alisema. "Mama yako anakuita."