Jumapili Saa Sita, Anaulizwa Hattie

"Usiipokee!" Verna alimfokea mdogo wake.

Simu ya ukutani ilikuwa inalia. Jumapili, saa sita kamili mchana, kama Jumapili kumi na tano zilizopita. Coralie akainyanyua.

"Simu ya mbali," alisema opereta. "Ni ya Bi Hattie Plumley peke yake. Yupo?"

Hattie hakuwepo duniani. Lilikuwa jina la kubuni. Dale, mpenzi wa Coralie, aliitwa jeshini kwenda kupigana Vietnam, akaamua kutorokea Kanada.

"Nikifika nitamuulizia Hattie," aliahidi. "Mkisema hayupo, kampuni haitozi hata senti, na mtajua nimefika salama."

Ujanja huo walijifunza kwa wazazi wao, wale wale matajiri wa mazulia na karamu ambao wao wawili waliwakimbia, wakaja kuishi na vijana wenzao San Francisco.

Simu ya kwanza ilipokuja walicheza kwa furaha hadi wakalia. Lakini mtu hufika mara moja tu! Hii ilirudi kila wiki, na nyuma ya opereta kulikuwa na mtu anapumua.

"Aliye hai angeandika barua," Verna alinong'ona. "Huo ni mzimu, mdogo wangu. Sema hayupo, ukate."

Coralie alikuwa amechoka kuogopa.

"Yupo," alisema. "Ndiye mimi."

Pumzi ile ikakatika, kisha:

"Coralie? Mwanangu?"

Coralie akaishika simu kwa mikono yote miwili.

"Mama! Jina hilo umelipata wapi?"

"Kwa Dale. Hakwenda Kanada. Alikuja kwangu, akaniomba nipige mara moja tu, upate usingizi. Asubuhi akajipeleka jeshini."

"Mara moja! Mbona miezi minne?"

"Ulikuwa unajibu 'hayupo'. Nilikuwa naisikia sauti yako, basi." Mama alikuwa analia. "Kesho asubuhi kikosi chake kinaondoka Oakland kwenda vitani. Nakuja usiku huu nikuchukue, twende."

Verna alisikia yote.

"Nenda kamkumbatie askari," alisema. "Ila nyumba hii inapinga vita; humu usirudi, Coralie. Sitanii."

Coralie alienda.

Asubuhi, kwenye geti la kambi, mama yake akimfuata, alipita mbele ya vijana wengi walionyolewa vipara, akizitafuta nywele ndefu za Dale. Mmoja akamshika mkono. Alimtazama asimjue.

"Ni mimi, mpenzi."

"Kwa nini, Dale?"

"Niliogopa jela, nikaogopa ugenini, nikaogopa macho ya baba yangu. Vita vilikuwa mbali kuliko hivyo vyote, nikavichagua."

"Na mimi hukuniogopa?"

"Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi. Ungeniambia baki, ningebaki. Nisamehe."

Sajini alipiga filimbi. Coralie alimvuta ukosi akambusu kwa hasira, mbele ya mama yake, mbele ya jeshi zima.

"Sikusamehi," alisema. "Rudi mzima uje uniombe tena. Nitakukatalia mwaka mzima, kisha nitakuoa mimi mwenyewe."

Dale alicheka, machozi yakimtoka, akapanda basi. Mama akaupapasa mkono wa binti yake, na Coralie hakuuondoa.