Mbegu Zilizopandwa kwa Kicheko

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko nyumbani, nimekaa tu."

Mlingoti alijibu akiwa katikati ya shamba, simu ameibana kati ya sikio na bega, mikono yote miwili imejaa udongo.

"Mbona nasikia upepo?"

"Dirisha liko wazi."

"Haya. Na mbegu zangu?"

"Zipo. Zimelala salama."

Zilikuwa zimelala kweli, ila ardhini. Alikuwa amemaliza kupanda mfuko mzima.

Aliyepiga simu alikuwa mchumba wake, bibi shamba wa eneo lile, aliyekwenda mjini kwa mafunzo ya wiki mbili. Alimwachia mtama wa muda mfupi, mbegu alizozichagua kwa mkono, suke kwa suke, misimu mitatu. Alimwambia hivi: "Mvua ya kwanza siku hizi ni tapeli. Ngoja ya pili. Hizi zikipotea, sina nyingine."

Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili, na watu wakakimbilia mashambani kama walivyofanya baba zao. Baba Mdogo wake akaja akaegemea ua.

"Wewe, bado unangoja ruhusa? Babu yako alipanda wiki hii hii miaka arobaini, hakumwuliza mwanamke."

"Bibi shamba anasema mvua zimebadilika."

"Mvua ni ile ile, inatoka juu. Kilichobadilika ni wanaume."

Majirani wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomtia Mlingoti jembe mkononi.

Kisha jua likawaka siku kumi na moja, hata wingu hakuna. Miche ilichomoza, ikajikunja, ikakauka kama nyuzi. Shamba la Baba Mdogo vivyo hivyo, na la kila aliyecheka.

Mlingoti aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika tena. Mwishowe akautuma:

"Nilikudanganya. Siku ile nilikuwa shambani. Nilipanda zote, na zote zimekauka. Sikutaka uambiwe na mtu mwingine."

Jibu halikuja. Alikuja mwenyewe, Jumatatu mchana, begi la safari begani. Alipitia shambani kwanza, akachutama, akang'oa mche mmoja. Alipoingia uani alikuwa bado ameushika.

"Misimu mitatu, wewe mtu."

"Nisamehe."

"Ungekosea kupanda tu, ningelia tukayamaliza. Hata mimi nakosea. Lakini nilikuuliza, ukanipa habari za dirisha!"

"Walinicheka."

"Kwa hiyo katika wote hao, ukaona wa kudanganywa ni mimi?"

Bibi shamba aliutupa mche miguuni pake.

"Mwaka huu ukame," akaendelea, "mwakani huenda mafuriko. Kalenda za wazee wetu zimekwisha kazi. Sisi tutakula kwa kuambiana ukweli kila asubuhi. Nikikuuliza shamba likoje, nisijue kama unanijibu au unanituliza, tutaishije?"

"Sina la kujitetea."

"Basi waambie wazee wako wasije kwetu Jumamosi. Posa imekwisha."

Alikuwa ameshageuka, mama yake Mlingoti alipotoka jikoni, mikono ina unga, amebeba mfuko.

"Mwanangu, kabla hujaondoka, chukua mzigo wako."

Bibi shamba akaufungua. Akachota kiganjani, akasugua, akanusa.

"Mama, hizi ni..."

"Ni zako. Nilimsikia shemeji yangu hapo uani akimjaza huyu maneno. Mwanangu ni mtu mwema, lakini masikio yake hayana mlango. Alipokwenda kuoga nikabadilisha. Alichopanda ni mtama wetu wa kusaga."

"Mama!" Mlingoti aliruka. "Siku zote hizo umeniona sili, silali, umenyamaza?"

"Nilitaka kuona kama utasema mwenyewe. Ungekaa kimya, ningempa binti wa watu mbegu zake, na njia ya kwao ningemwonyesha mimi."

Bibi shamba aliketi chini pale pale, mfuko mapajani, akicheka huku machozi yanamtoka. Alipotulia akasema:

"Mbegu zimepona. Lakini uongo ni uongo."

"Ni uongo," Mlingoti akakubali. "Kesho kuna mkutano wa wakulima. Nitausema mbele ya wote walionicheka."

"Hata baba yako mdogo?"

"Yeye atakaa mbele."

Na aliusema wote, kuanzia dirisha hadi miche. Hakucheka mtu. Kila mmoja alikuwa na shamba lake lililoungua nyumbani.

Mvua ya pili ilianza Jumatano, ikanyesha hadi Alhamisi usiku. Ijumaa wakaingia shambani watatu: Mlingoti akichimba, bibi shamba akitia mbegu, mama akifukia. Tangu Jumatatu bibi shamba alikuwa akizungumza mambo ya nafasi na mistari tu. Mlingoti hakuthubutu kumwuliza lingine.

Karibu na adhuhuri Baba Mdogo akaja kwenye ua, kofia mkononi.

"Bibi shamba... shamba langu limebaki jeupe. Hapo chini ya mfuko hakujabaki punje?"

Mlingoti aliinama kuficha kicheko.

"Zipo za kutosha nusu ekari," bibi shamba akajibu. "Lakini kuna sharti."

"Lolote. Nakubali."

"Kesho ukija kwetu na wazee wenzako, uvae vizuri. Baba yangu hapendi kofia zilizotoboka, Baba Mdogo."

Siku zote bibi shamba alikuwa akimwita mzee tu. Mlingoti alisimama wima, akamtazama, mdomo wazi.

"Chimba wewe," akaambiwa. "Mistari bado sita."