Hodi Iliyobishwa Malta

Hodi ilibishwa Malta, ikaitikiwa Toronto. Ndivyo balaa lilivyoanza, na aliyeitikia ni Zebunissa mwenyewe, kwa kinywa chake, huku anamenya vitunguu.

Msimlaumu, jamani. Mwanamke aliyezaliwa Unguja akisikia hodi, "karibu" humtoka kabla hajafikiri. Tena mwaka ule alikuwa hafikirii kitu. Mumewe, Kamrudin, alifariki wakati wa theluji, na tangu hapo moyo wake ukafa ganzi. Mazikoni hakulia. Alipika, akala, akafua, akalala, basi. Amyn, mwanawe wa pekee, nyumba ile iliyopoa ilimshinda. Kazi yake ilikuwa ya kompyuta, na bosi wake hakujali anakaa wapi alimradi kazi ifike; akapanga nyumba kuukuu ya mawe kisiwani Malta, akaenda zake kuota jua. Mama hakumwambia rudi. Ila kila asubuhi alikitandika upya kitanda chake.

Kila adhuhuri Amyn alipiga Skaipu. Zebunissa aliweka kompyuta mezani, mbele ya kiti cha marehemu, akala wali wake akimtazama kijana anavyofanya kazi, huko kwake jioni imeshaingia. Hawakuongea sana. Mama alisema Kiswahili, mwana akajibu Kiingereza, kama watoto wengi waliokulia Flemingdon Park, mtaa wao wa Toronto. Mlio wa vidole vyake kwenye vibonye ulimtosha.

Basi siku hiyo, nyuma ya Amyn, sauti ya upole ikasema, "Hodi."

"Karibu! Karibu ndani!" akaitikia Zebunissa.

Amyn akainua uso. "Mama, unamkaribisha nani?" akauliza kwa Kiingereza chake.

"Si mtu amebisha hodi hapo kwako?"

"Hodi? Malta?" Akacheka, akaenda kuangalia. Hapakuwa na mtu, ila mlango ulikuwa wazi, na aliporudi alisema nyumba inanuka chokaa mbichi.

Hazikupita siku nyingi, Amyn akaacha kucheka. Alikaa mbele ya kompyuta mikono iko mapajani, macho hayapepesi, na mlio wa vibonye ukaendelea vilevile. Zebunissa aliona, akaendelea kumenya. Ganzi ni kitu kibaya, humfanya mtu aone nyoka akamwita kamba. Lakini alipouliza, "Umekula, mwanangu?" kijana akajibu, "Nimekula, mama, nakushukuru. Nawe umeshindaje?" Kiswahili safi cha Unguja ya zamani, kilichonyooka. Na huyu ni mtoto ambaye hata neno "samahani" lilimshinda tangu utotoni. Kisu kikamponyoka Zebunissa.

Alimkimbilia Sughra, jirani wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Tanga, ambaye bibi yake alikuwa mtoaji majini. Alimkuta kwenye chumba cha kufulia, wakanong'onezana katikati ya ngurumo za mashine.

"Alibisha mara ngapi?"

"Moja tu, Sughrabai. Nikamkaribisha."

"Yallah! Binadamu hubisha, akangoja, akabisha tena. Huyo hakuwa na shida ya kungoja. Alijua mtoto hataitikia, akakubishia wewe."

"Nimfukuze?"

"Thubutu! Ukimkasirisha, atakayelipa ni Amyn. Na ubani wangu hautamtoa, maana hakuja kwa kuiba, alikaribishwa. Mgeni kama huyo huhamishwa tu. Aliyemkaribisha humpa nyumba nyingine." Sughra akainamisha macho kwenye kapu la nguo. "Nawe nyumba unayo moja."

Kesho yake Zebunissa alipika pilau, akapakua sahani mbili, akafungua kompyuta, na alichokiona ni mwanawe aliyekonda mashavu kama mgonjwa wa miezi, na nyuma yake kivuli kirefu kilichoinama hadi kidevu chake kikagusa utosi wa kijana, na vibonye vinalia bila mkono, na mdomo wa Amyn unafunguka kumwamkia mama yake kwa sauti ambayo sasa haikuwa ya Amyn hata kidogo, na Zebunissa akashika ukingo wa meza, akasema alichokuwa amekusudia kusema.

"Mgeni wetu, hapo hakuna mwenyeji. Huyo ni mtoto, hajui kukirimu. Mimi nimepika. Kiti kipo. Karibu huku."

Vibonye vikanyamaza. Kivuli kikatoka nyuma ya Amyn taratibu.

Kijana akashtuka, akavuta pumzi kwa kelele, akapepesa macho. "Mama?" Kiingereza chake kilekile cha kuburuza maneno. "Leo siku gani? Mbona nahisi baridi hivi?"

Hapo Zebunissa, ambaye hakulia mazikoni, alilia mpaka kifua kikauma. Ganzi yote ilimtoka kwa mara moja, na mapenzi yote yakarudi.

"Usilie, mama. Nimechoka huku. Narudi nyumbani. Ijumaa napanda ndege."

Neno aliloliombea mwaka mzima. Akafungua kinywa aseme "njoo". Jiko zima likanuka chokaa mbichi. Mbele yake, nyuma ya kompyuta, kiti cha Kamrudin kikasogezwa kutoka mezani, polepole, kwa adabu.

"Usije," akasema. "Usije kabisa, mwanangu. Kaa hukohuko."

"Mama?"

Akaifunga kompyuta. Akafuta machozi kwa pindo la mtandio, akaisukuma ile sahani ya pili mbele ya mgeni wake.